Hawaii: kura ya 1959 na deni la 1893

Tarehe 27 Juni 1959 wapiga kura wa Hawaii waliulizwa kama wanataka visiwa vyao viwe jimbo kamili la Marekani. Zaidi ya asilimia 94 walijibu ndiyo. Sehemu moja tu ilikataa: Niihau, kisiwa kidogo magharibi mwa Kauai, mali ya familia moja tangu 1864, chenye wakazi wachache ambao karibu wote walikuwa wenyeji wa asili na walizungumza Kihawaii nyumbani. Ukisikiliza wanaobishana kuhusu jimbo hili, utagundua kwamba upande mmoja unashika ile asilimia 94 na mwingine unaishika Niihau, na kila upande unaona mwenzake ana hila.

Tuanze na upande wa walioporwa. Hawaii haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Kufikia 1810 Kamehameha wa Kwanza alikwisha kuviweka visiwa vyote chini ya utawala wake. Mwaka 1840 ufalme ulikuwa na katiba ya maandishi, na Novemba 1843 Uingereza na Ufaransa zikautambua kuwa dola huru. Miezi michache kabla ya hapo, nahodha mmoja Mwingereza alikuwa ameunyakua ufalme huo kwa nguvu, na serikali ya kwao ikaurudisha kwa mfalme. Kumbe jambo hilo liliwezekana.

Lakini mahali ulipo ufalme huo palikuwa pa kutamanisha mno. Ni vilele vya volkano vilivyochomoza katikati ya Pasifiki, karibu kilomita 3,900 kutoka California, vyenye udongo wa kustawisha miwa na ghuba ya Pearl Harbor, ambapo meli za kivita zinaweza kujificha. Magonjwa ya wageni yaliwapukutisha wenyeji, na wenye mashamba ya miwa wakazidi kushika nchi. Mwaka 1887 walimlazimisha Mfalme Kalakaua atie saini katiba iliyompokonya mamlaka na kuwanyima kura wenyeji wengi maskini. Dada yake, Malkia Liliuokalani, alipotaka kuibadilisha katiba hiyo Januari 1893, walimpindua. Wanamaji wa Marekani zaidi ya 160 walikuwa wameteremka kutoka meli ya kivita iitwayo Boston siku moja kabla, kwa maelezo kwamba wanalinda mali na usalama wa raia wao. Rais Cleveland alituma mtu kuchunguza, akaambiwa kwamba mapinduzi yasingefaulu bila wanamaji hao. Hata hivyo malkia hakurudishwa.

Kisha ikaja 1897. Wenyeji, watoto wakiwemo, walikuwa kama 40,000. Waraka wa kupinga nchi yao kuunganishwa na Marekani ulipata saini 21,269. Mkataba wa kuiunganisha ulikwama kwenye Seneti, kwa kuwa ulihitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka uliofuata, katikati ya vita na Hispania, Washington ilipita mlango mwingine: azimio la pamoja la mabunge mawili, ambalo hupitishwa kwa wingi wa kawaida. Ekari milioni 1.8 za ufalme na serikali yake zikahamia mikononi mwa Marekani.

Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Ila historia haikuishia hapo, na hapa ndipo watetezi wa jimbo wanapopata nguvu.

Mtazame Jonah Kuhio Kalanianaole. Alikuwa wa ukoo wa kifalme, na mwaka 1895 alifungwa kwa kushiriki uasi wa kumrudisha malkia. Ni huyuhuyu aliyeiwakilisha Hawaii mjini Washington kwa takribani miaka 20 na kupeleka muswada wa kwanza wa kuifanya jimbo, mwaka 1919. Unaweza kumwita msaliti, lakini mimi namwona mtu aliyeona mlango mmoja umefungwa akajaribu mwingine.

Watazame pia wana wa vibarua. Wenye mashamba waliwaleta wazee wao kutoka China, Japani, Ureno na Ufilipino, wakawapanga kambi kwa kabila na kuwalipa viwango tofauti. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, vijana wa asili ya Kijapani walitiliwa shaka, kisha wakaenda kufa Italia na Ufaransa wakiwa na sare ya Marekani. Mmoja wao, Daniel Inouye, alipoteza mkono wa kulia vitani Italia, kisha akarudi kwenye visiwa visivyokuwa na mbunge mwenye kura huko Washington wala haki ya kumchagua rais. Na waliokuwa wakizuia Hawaii isiwe jimbo walikuwa akina nani? Miongoni mwao walikuwa wanasiasa wa majimbo ya kusini waliochukia kuona maseneta wasio weupe na kura mpya za kuunga mkono haki za watu weusi. Kwa vijana kama Inouye, ndiyo ya 1959 ilikuwa pigo kwa ubaguzi. Mwaka huohuo Hiram Fong akawa seneta, na Inouye akaingia Baraza la Wawakilishi.

Sasa, ni nani aliye sahihi? Naona kosa liko kwenye maneno "watu wa Hawaii", yanayotumiwa kana kwamba ni mtu mmoja aliyedhulumiwa 1893 na akasamehe 1959. Waliodhulumiwa walikuwa raia wa ufalme, wengi wao wenyeji. Waliopiga kura walikuwa mchanganyiko ambamo wenyeji walikwisha kuwa wachache, na wanajeshi waliotimiza mwaka mmoja visiwani walihesabiwa pia. Wajukuu wa vibarua walikuwa na haki kamili ya kudai usawa. Hawakuwa na haki ya kufuta deni la mtu mwingine. Tena karatasi ya kura haikuwa na neno uhuru. Ukisema hapana, ulibaki koloni kama jana.

Lakini wanaodai kwamba ufalme bado upo kisheria na jimbo ni kivuli tu, nao wanarukia mbali. Leo visiwani kuna watu kama milioni 1.4, na hakuna kabila lenye wingi. Hata wenyeji hawana kauli moja: wengine wanataka uhuru, wengine serikali yao ndani ya Marekani, na wengine hawataki hata kuulizwa.

Penye ubishi wa kweli ni zile ekari milioni 1.8 za ufalme. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi kwa mapinduzi, Rais Clinton akatia saini. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema radhi hiyo haikugusa umiliki wa ardhi. Mlima Mauna Kea, wenye mita zaidi ya 4,200, umo katika ardhi hiyo. Chuo kikuu kiliukodi mwaka 1968 kwa dola moja kwa mwaka ili kujenga darubini. Wazee walipokaa barabarani mwaka 2019 kuzuia darubini mpya yenye kioo cha mita 30, wapo waliowacheka kwamba wanaogopa sayansi. Mababu zao walivuka Pasifiki kwa kusoma nyota! Walichokuwa wakiuliza ni nani aliyeulizwa kabla ya kukodisha.

Chini ya mlima huo, huko Pohakuloa, jeshi la Marekani lina uwanja wa mazoezi wenye takribani ekari 23,000 za jimbo, zilizokodishwa mwaka 1964 kwa miaka 65 kwa dola moja. Mkataba unakwisha 2029. Safari hii, jimbo likisema hapana, maana yake ni ardhi kurudi.