Marehemu Afike na Kodi Yake

Naona jamaa yangu kashaiwahi kuisambaza habari ya posa ya mdogo wangu, ati nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa ghafla, na kiti hakikuwepo. Sasa isikieni kwa mwenyewe.

Mnaonifuata mmezichoka kelele zangu za baba mzaa babu, "karani wa Liwali wa Tanga". Cheti sina, picha sina, ila nimelisema mpaka nimeliamini. Basi ilipopangwa posa ya mdogo wangu, na kule kwa binti ni watu wa kuulizana nasaba mpaka kahawa inapoa, nikasema hawa dawa yao karatasi. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa. Kwa sheria ya mwaka 2002, kumbukumbu za serikali zikitimiza miaka 30 hufunguliwa wananchi wazisome. Hizi za Mwingereza zinakaribia mia.

Mama wa chumba cha kusomea akaninyang'anya kalamu, akanipa penseli. Wino ukidondokea hati ndiyo basi tena. Akaniletea jalada la kodi ya nyumba na kichwa, ile ya sheria ya 1922. Humo nikamkuta mzee: barua kwa herufi za Kiarabu, jina lake nikalitambua, muhuri, na dokezo pembeni. Uteuzi wa ukarani huo! Mimi msahafu nasoma, lakini una irabu zake. Barua za wale wazee hazina irabu, zinakwenda kama siafu.

Nikaomba nipewe barua yenyewe. "Haitoki," akasema. "Kila karatasi humu ina namba yake. Ukiichomoa hii, zilizobaki hazisemi kitu. Nitakupa kopi, lakini mwanangu, hebu tazama na za mbele na za nyuma yake." Basi langu linaondoka, mambo ya mbele na nyuma ya nini? Nikalipia ukurasa mmoja.

Siku ya posa, sebuleni, Ngamiani, Tanga. Halua imeshapita. Msemaji wa upande wetu ni mimi, nikasimama na kopi yangu nimeitia fremu. (Ya dhahabu, ndugu zangu. Chekeni tu.) Nikamkabidhi Maalim wa upande wao aisome kwa sauti, maana mimi "macho yananisumbua".

Maalim akavaa miwani. Akakohoa.

"Kwa Bwana Liwali, baada ya salamu."

Wazee wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa.

"Nakuarifu habari ya kodi ya nyumba..."

Nikawakonyeza wa kwetu: mnaona, mtu wa kodi huyo!

Maalim akanyamaza. Akaisogeza fremu dirishani. Akanitazama, akaitazama, akanitazama tena.

"...ya kwamba mimi..." Akameza mate. "...ya kwamba mimi nimefariki tangu mwezi wa Rajabu."

Nyuma ya pazia, kwa wanawake, nikasikia mtu anazibwa mdomo.

"Kwa hiyo kulipa siwezi. Wala usiniletee askari, kwani maiti hafungwi. Wasalaam. Ni mimi, marehemu."

Nilitaka kuinyakua, mkono ukagoma. Na mzee mmoja, Mungu anamwona, akauliza: "Hayo ya pembeni je?" Ni dokezo la Liwali. Maalim akalisoma machozi yakimtoka: "Marehemu afike mwenyewe barazani na kodi yake."

Hapo ndipo nilipokitafuta kiti.

Posa imekubaliwa. Mahari wametaka taslimu, na mlipaji aje akiwa hai. Muuza kahawa wa kijiweni kwetu hanikopeshi tena.

Juzi nikampigia yule mama, kwa adabu zote, nikauliza kama karatasi kuukuu zile haziwezi kuteketezwa. Akasema kinachoteketezwa ni kile kilichomaliza muda wake, tena kwa kibali. Hii ya kwangu imeshachaguliwa kuwa ya kudumu, imo bokisini, mchwa hawaigusi. Kumbe herufi zile anazisoma vizuri tu. Siku ile alikuwa akifuta macho, nami nikampa pole ya vumbi. Tena akanijuza kwamba karatasi inayofuata nayo ni ya mzee: marehemu anaomba ruhusa ya kupiga ngoma, anaoa mke wa pili.