Harusi ya Dakika Ishirini Katikati ya Ibada

Jumapili ya Meza ya Bwana, katika makanisa mengi ya Kaptembwo na Rhonda hapa Nakuru, au Nyalenda na Manyatta kule Kisumu, kuna watu ambao hubaki wameketi wenzao wakienda mbele. Si wageni. Wanatoa zaka, wanafagia kanisa Jumamosi, watoto wao wako shule ya Jumapili. Wamezuiwa kwa sababu wanaishi njoo-tuishi: nyumba moja, watoto watatu, ndoa ya kanisa hakuna. Mama wa aina hiyo hapokelewi katika Umoja wa Akina Mama wa Anglikana, na akiwa Mkatoliki hapokei Komunyo. Baba naye asahau uzee wa kanisa.

Wachungaji kadhaa wameamua kuwafungisha ndoa Jumapili ya kawaida, baada ya nyimbo na kabla ya mahubiri, bila kamati wala keki. Viapo, pete, sahihi, maombi; dakika ishirini hivi, kisha ibada inaendelea. Wanaowapinga wanasema ndoa imefanywa jambo jepesi kama tangazo la mkutano wa vijana. Lawama hiyo husikika kuliko hoja za wachungaji wenyewe, labda kwa sababu wanaolaumu ndio walio na kipaza sauti mara nyingi.

Kinachowachelewesha watu hawa mara nyingi si ukaidi, na upendo haujapungua. Ni karatasi ya bajeti. Wageni 300 wanahitaji mchele kilo 40 hivi na nyama kilo 60, kabla hujataja mafuta ya kupikia, kuni na wapishi. Halafu mahema, viti, gauni la kukodi, sare za wasimamizi, mpiga picha, spika, MC, magari. Kamati inakutana miezi miwili au mitatu, kila kikao na orodha ya ahadi. Ahadi za kikao cha kwanza huwa nono. Pesa zinazoingia kweli ni jambo jingine. Wiki ya mwisho pengo linazibwa kwa mkopo wa chama au wa simu, na maharusi wanaanza maisha wakilipa pilau iliyokwisha kuliwa. Majirani wakiona hivyo wanasema wao watafunga mwakani. Mwakani ina karo. Miaka kumi inapita.

Hapo ndipo wengi hudhani hasara ni ya kiroho tu, kwamba mtu anakosa mkate na divai. Hasara kubwa hujitokeza kifo kinapoingia. Mwanamke akifariki kabla ya mahari, miongoni mwa Waluo na Waluhya wengi, wazazi wake wanaweza kudai ng'ombe kabla hajazikwa. Mwili uko mochari, ada inaongezeka kila siku, na wanaume wa pande mbili wanabishana kuhusu ndama. Kuna makanisa ambayo wakati huohuo hufungua kitabu cha washiriki na kuamua kwamba marehemu hakuwa mshiriki kamili, kwa hiyo maombi yafanyiwe nyumbani. Mwanamke aliyewapikia wageni wa kanisa kila kongamano!

Akifa mume, zamu ni ya mjane. Ili kesi ya mirathi ianze anahitaji barua ya chifu inayotaja warithi, na chifu husikiliza ukoo. Shemeji wakisema "huyu alikuwa anaishi tu naye", hana cheti cha kuwajibu. Atabaki kuomba mahakama idhanie kwamba palikuwa na ndoa, na Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wake wa Januari 2023, ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra, kwa masharti makali. Kanisa lililomwambia asubiri harusi ya heshima halitakuwapo siku hiyo mahakamani.

Sharti tuseme pia kwamba cheti hakimalizi kila kitu huku kwetu. Wakili S.M. Otieno na mkewe Wambui walikuwa wamefunga ndoa ya serikali mwaka 1963, lakini mume alipofariki, mwaka 1987 mahakama iliupa ukoo wa Otieno haki ya kumzika Nyalgunga, Siaya, kinyume cha matakwa ya mjane. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema Wambui si mke.

Sasa wapinzani. Hoja yao ya sherehe naiona nyepesi. Kana ya Galilaya ilikuwa na divai, kweli, lakini hatusomi popote kwamba waliokosa divai hawakuoana. Hoja ya wazazi ina uzito zaidi. Tangu wamishenari wa Marafiki (Quakers) wafike Kaimosi mwaka 1902 na wale wa Kianglikana wa CMS Maseno mwaka 1906, familia nyingi za huku zimelipia ndoa mara mbili, ng'ombe kwa wakwe na pete kanisani. Mchungaji akifungisha ndoa bila wazazi kujua, anawaacha wanandoa bila watu wa kuwapatanisha wakikosana, na mzozo wa mahari unabaki palepale ukisubiri matanga. Hilo lina dawa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinasema mahari ya ishara tu inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila pale mila inapodai mahari. Wazee wengi, wakiendewa kwa adabu na wazee wenzao wa kanisa badala ya kijana peke yake, hukubali kitu kidogo na kuandika kwamba kimepokelewa. Karatasi hiyo iwekwe kwenye faili ya kanisa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya haraka. Harusi ndogo ni rahisi kuficha mke wa kwanza. Mwanamume anafanya kazi Nakuru, ana mke wa kimila Butere au Ugenya, na Jumapili moja anavalishwa pete na mwingine. Sheria haimruhusu aliye katika ndoa ya kimila ya wake wengi kufunga ndoa ya Kikristo na mtu wa pili, kwa sababu ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Mchungaji aliyeruka hatua amemtia mwanamke wa watu kwenye ndoa batili, tena mbele ya madhabahu.

Kwa hiyo kinachofaa kufupishwa ni sherehe, maandalizi yabaki marefu. Matangazo ya ndoa yasomwe Jumapili tatu, na yabandikwe mlangoni, ili mwenye pingamizi aliandike. Yasomwe pia kanisa la kijijini kwa mwanamume; hapa ndipo wengi hulegea, na ndipo mke wa kwanza hujulikana. Vikao vya mafundisho visipungue sita: pesa na madeni, shamba, watoto waliozaliwa kabla, wakwe, vipimo vya damu, ugomvi. Vitambulisho vyote viwili vinakiliwe herufi kwa herufi, kwa maana "Nekesa" aliyeandikwa "Nekeza" kwenye cheti atasumbuka benki na kortini. Mashahidi wawe wawili, watu wazima, wasiwe walevi siku hiyo, na mchungaji anayefungisha hawezi kuwa mmoja wao. Asiye na leseni ya Msajili wa Ndoa amwite mwenzake aliye nayo. Sahihi ziwekwe palepale, nakala ya Msajili ipelekwe bila kukaa droo ya ofisi. Chai na mandazi baada ya ibada vinatosha. Kwa watu 100 ni chai lita 20.

Wapo ambao njia hii haiwafikii: mke wa pili aliyeolewa kimila, anayekaa kanisani miaka yote huku mumewe akiwa na mwingine. Kifungu cha 3(5) cha Sheria ya Urithi kinamtambua kama mke katika kugawa mali. Makanisa mengi hayamtambui popote, na kumfungisha ndoa mchungaji hawezi. Anachoweza kuamua, pamoja na wazee wake, ni iwapo ataendelea kunyimwa Meza kwa uamuzi ambao mara nyingi ulifanywa na watu wengine akiwa na miaka 18. Wachungaji wanaofungisha ndoa za dakika ishirini bado hawajalisemea hilo waziwazi, na watalazimika.