Kielelezo cha Mnyoo wa Pwani Kihifadhiwe Nairobi

Mvuvi wa Gazi au Mida, katika pwani ya Kenya, anayefukua tope la mikoko maji yakipwa ili apate chambo humjua mnyoo wake kwa rangi na kwa unene. Mtaalamu wa uainishaji, anayetenga spishi na kuzipa majina, hulazimika kwenda mbali zaidi, na naamini kwa dhati kwamba kazi hiyo inapasa kufanyika humu nchini na vielelezo vyake, yaani minyoo waliohifadhiwa kuwa rejea, vikae humu.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa Marphysa sanguinea. Mwanaviumbe Mwingereza George Montagu alimweleza mnyoo huyu mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na sampuli za kusini mwa Uingereza, na maelezo yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba jina hilo likaja kubandikwa minyoo wa bahari za joto na za baridi, kana kwamba spishi moja ingeweza kuenea kote huko. Mwaka 2003 watafiti Hutchings na Karageorgopoulos waliteua kielelezo kipya cha rejea kutoka Uingereza, wakamweleza upya kwa kina, na katika makala hiyohiyo wakamtenga mnyoo wa mashariki mwa Australia kuwa spishi nyingine, Marphysa mullawa. Spishi kadhaa zimetengwa tangu hapo.

Kutenga huko si kazi ya siku moja. Chini ya hadubini huchunguzwa taya, nywele ngumu za kila jozi ya miguu, na pingili ambapo matamvua huanza. Ugumu ni kwamba baadhi ya alama hizo hubadilika mnyoo anapokua, hivyo sampuli moja nzuri haitoshi. Wanahitajika wakubwa na wadogo kutoka mahali pamoja. Fomalini huhifadhi umbo vizuri lakini huharibu vinasaba, kwa hiyo kipande cha mwili hukatwa mapema na kutiwa katika spiriti kali.

Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, kwa majina yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2000, inamtaka mwandishi ataje kielelezo kinachobeba jina, yaani kile ambacho jina la spishi hufungamana nacho, na mkusanyo kitakamohifadhiwa, lakini haimlazimishi kuchagua nchi. Mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, Cyril Crossland, alikusanya minyoo Zanzibar na pwani yetu mwaka 1901 na 1902, na maelezo yakachapishwa London. Kwa wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Leo tuna Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi kule Mombasa, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Kenya aombe viza ili akalinganishe mnyoo wa Gazi na mnyoo mwenzake wa Gazi.

Wanaopinga husema vielelezo viko salama zaidi Ulaya. Hoja hiyo ina uzito, maana spiriti huvukiza, na chupa isiyokaguliwa ikikauka kielelezo huharibika. Jibu lake, kwa maoni yangu, ni bajeti ya kila mwaka ya spiriti na chupa, pamoja na ajira ya kudumu ya mhifadhi anayewajua minyoo, badala ya miradi ya wafadhili inayokwisha kabla maelezo hayajaandikwa. Sampuli za ziada zilizotumika katika maelezo zigawiwe makumbusho ya nje, ili ajali moja isiangamize zote, lakini kile kimoja kinachobeba jina kibaki Nairobi.