Hiyo aurora mnayoipiga picha ni waya wa umeme

Kila jua likichafuka watu wanajaza picha za aurora, ile mianga ya usiku angani karibu na ncha za dunia, mara kijani mara pinki, na mi sina ugomvi na rangi, ila naona ni kama kusifia ganda la waya halafu hujali umeme uliomo ndani.

Maana hewa kawaida haipitishi umeme. Sasa panda kilomita 100 mpaka 130 juu ya Tromsø, kule Norwe, utakuta elektroni zinafuata sumaku ya dunia bila kusumbuliwa, wakati ioni (atomu zilizong'olewa elektroni) kila saa zinagongana na hewa zinachelewa, zikishaachana hivyo ndo mkondo wa umeme unapatikana. Chini ya hapo hewa nzito mno, juu zaidi zote zinasafiri pamoja kwahiyo hamna kitu cha maana.

Wengi wanasema jua linaongeza huo upitishaji wa umeme kwa mionzi yake ya urujuanimno, inayong'oa elektroni kwenye atomu, na inapanda na kushuka na ule mzunguko wa jua wa miaka 11. Sawa, lakini wakiishia hapo mi nabisha. Tromsø kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa! Ingekuwa ni mwanga peke yake anga lile lingelala tu. Kumbe zinashuka elektroni za kasi kutoka upande wa usiku wa sumaku ya dunia, upepo wa jua ndo unazisukuma, zinagonga hewa, zinawasha hiyo rangi na hapohapo zinang'oa elektroni zingine, upitishaji unaruka mara kumi na zaidi ndani ya dakika chache. Yaani aurora inajitengenezea waya wake gizani, na rada za EISCAT, za utafiti wa anga la juu, zimekuwa zikiyapima haya hapo Tromsø tangu miaka ya 80.

Na huo mkondo una madhara huku chini, waulize watu wa Quebec, Kanada, Machi 13, 1989, gridi ya umeme ilianguka ndani ya kama dakika moja na nusu, watu milioni 6 wakakaa giza masaa tisa hivi. Tena mkondo unapasha hewa joto kama koili ya jiko, hewa inatanuka kwenda juu, satelaiti zinasuguana nayo, zinapungua kasi na kushuka. Februari 2022 Starlink, wale wa intaneti ya satelaiti, walirusha satelaiti 49 wakapoteza 38, na dhoruba yenyewe ya jua wala haikuwa kubwa.