Wodini au mtaani? Mhudumu wa afya wa Nyanda za Juu Kusini na hatari ya korona

Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini Tanzania Machi 16, 2020, kuna ubishi ambao katika hospitali za Mbeya, Iringa na Njombe haujawahi kumalizwa kwa utulivu. Muuguzi akiugua, ameupata wodini au mtaani? Mwajiri huelekea kusema mtaani, mfanyakazi husema wodini. Uzito wa swali uko kwenye haki ya mtu: fidia ya kisheria hulipwa kwa ugonjwa uliotokana na kazi, kwa hiyo jibu likiwa "mtaani", mgonjwa na familia yake hawana cha kudai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa korona duniani. Suala hili linastahili kupimwa kwa ushahidi.

Wanaosema wodini wana hoja nzito. Katika mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi vilivyo ndugu wa karibu wa hivi vya korona, wagonjwa walikuwa 8,096 na kati yao 1,706 walikuwa wahudumu wa afya, yaani mmoja katika kila watano. Mapitio ya tafiti za wakati ule yalionyesha kwamba anayemwingizia mgonjwa mpira wa hewa kooni ana hatari ya kuambukizwa inayozidi mara sita ya wenzake. Korona yenyewe ilipokuja, utafiti mkubwa wa Uingereza na Marekani mwaka 2020 ulikuta walio mstari wa mbele wana hatari zaidi ya mara tatu ya raia wa kawaida, hata baada ya kuzingatia kwamba wao walikuwa wanapimwa mara nyingi zaidi. Waliolazimika kurudia vifaa kinga walikuwa pabaya zaidi. Kule Wuhan, China, utafiti mdogo wa watumishi 72 uliunganisha maambukizi na zamu za saa 10 na kuendelea, na kutonawa mikono vizuri baada ya kumgusa mgonjwa. Zamu ndefu tunazijua. Muuguzi mmoja kubaki na wodi nzima usiku si habari ngeni katika hospitali zetu za wilaya.

Upande wa pili nao haupuuziki. Utafiti wa Marekani uliotoka 2021 uliwapima damu wahudumu karibu 25,000, na waliokutwa na kingamwili za korona, yaani alama kwenye damu kwamba mtu alishaambukizwa, walikuwa asilimia 4.4 tu. Kilichohusiana zaidi na kuambukizwa ni kukaa karibu na mgonjwa nje ya kazi, pamoja na wingi wa maambukizi katika eneo mtu anakoishi. Kuhudumia wagonjwa wa korona hakukuonekana kuongeza hatari.

Kwetu nako mtaa una nguvu zake. Mei 2020 Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde baada ya maambukizi kupanda, na Nakonde na Tunduma ya upande wetu ni kama mji mmoja uliogawanywa na mpaka: soko moja, madereva wa malori walewale, ndugu pande zote mbili. Muuguzi wa Tunduma au Vwawa akitoka zamu anapanda bajaji, anakwenda msibani, anakaa kanisani na wenzake. Havai gauni la hospitali huko.

Hata hivyo, naona utafiti ule wa Marekani husomwa kinyume na unachosema. Ulifanywa katika hospitali kubwa ambako barakoa zilikuwepo na watu walifundishwa kuzivaa. Unachothibitisha ni kwamba kinga ikitosha, hatari ya wodini hushuka mpaka isionekane tena kando ya ile ya mtaani. Huo ni ushahidi wa nguvu ya vifaa kinga na mafunzo. Ukiutumia kuinyima vifaa hospitali yenye barakoa za kugawana, umeugeuza kichwa chini.

Tena hapa kwetu kuna jambo ambalo tafiti hizo hazikulikuta kwa kiwango chetu, nalo ni mgonjwa asiyejulikana. Takwimu za Tanzania Bara ziliacha kutangazwa mwisho wa Aprili 2020 na zikakaa kimya zaidi ya mwaka. Upimaji ulikuwa mdogo, na mapema 2021 wagonjwa wengi walielezwa kuwa na nimonia au "changamoto ya upumuaji". Aliyewekwa chumba cha kutengwa alifuatwa na mtu aliyejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliyekohoa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, au mama aliyeingia leba akihema, alipokelewa uso mtupu. Na virusi hivi huweza kuambukiza siku mbili kabla dalili hazijaonekana.

Ukifuata mantiki hiyo, orodha ya walio hatarini inabadilika. Daktari wa chumba cha mahututi hashuki sana, lakini wanapanda wengine: karani wa mapokezi, mkunga, mtabibu wa meno, fundi wa eksirei. Anapanda mfanya usafi, ambaye mara nyingi ameajiriwa na mzabuni, hayumo kwenye orodha ya mafunzo ya hospitali, na hupewa glovu tu. Wanapanda pia ndugu wa wagonjwa, wanaogeuza, kuosha na kulisha kwa sababu wauguzi hawatoshi. Hawa hawahesabiwi kabisa, nami sioni sababu ya haki ya kuwaacha nje.

Kisha ipo baridi, na hapa Nyanda za Juu hazifanani na Dar es Salaam. Kuanzia Mei hadi Agosti, Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Uporoto hushikwa na baridi kali. Makete usiku wa Juni maji hukaribia kuganda. Kila muuguzi amefundishwa kwenye somo la kifua kikuu kwamba dirisha lililo wazi ni kinga, na kwa korona, inayoelea hewani katika chumba kisicho na mzunguko wa hewa, ni vilevile. Lakini ndani ya wodi hiyo kuna kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati ambaye baridi inaweza kumuua usiku huohuo, na mzee wa nimonia anayetetemeka chini ya blanketi moja. Muuguzi anayefunga dirisha si mzembe. Amechagua kuzuia kifo anachokiona. Mwongozo unaomwambia afungue bila kumpa mablanketi ya ziada na kipasha joto umemwachia mzigo ambao si wake. Yanaweza kufunguliwa madirisha ya juu ya pande mbili ili hewa ipite bila kupiga vitanda, na watoto wachanga wakawekewa chumba chao chenye joto, lakini hayo ni maamuzi ya bajeti, hayafanywi na mtu wa zamu ya usiku.

Baridi hiyohiyo huwakusanya watumishi wenyewe. Saa nane za usiku wanajibana kwenye chumba kidogo chenye hita, mlango umefungwa, barakoa zimeshushwa ili chai inyweke. Maambukizi ya hapo tutayaita ya wapi? Hayakutoka kwa mgonjwa, lakini yamepatikana kazini, ndani ya saa za kazi, katika chumba alichokitoa mwajiri. Mgawanyo wa wodi na mtaa unavunjika papo hapo.

Hoja kwamba vifaa kinga ni ghali naikubali kwa sehemu. Zahanati ya Ludewa haiwezi kumpa kila mtumishi barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, kila siku, wala haihitaji. Hizo ziende kwa wanaofanya kazi zinazorusha mvuke wa mgonjwa hewani. Mapokezini barakoa za kawaida, zikiwa nyingi na zikavaliwa na mgonjwa pia, husaidia sana. Mafunzo ya kudhibiti maambukizi, ambayo tafiti zimeyahusisha na kupungua kwa hatari, ni nafuu zaidi. Chanjo ilipozinduliwa Julai 28, 2021, wahudumu wa afya walikuwa katika kundi la kwanza, na baadhi yao walisita. Lawama hiyo siwezi kuwabebesha peke yao, kwa kuwa wasiwasi juu ya chanjo ulikuwa umesemwa hadharani na viongozi miezi michache tu kabla.

Linabaki la fidia. Afrika Kusini mwaka 2020 ilitoa mwongozo wa fidia uliozipanga kazi kwa kiwango cha hatari ya korona, wahudumu wa afya wakiwa juu. Wanaopinga utaratibu wa namna hiyo huhofia kwamba mfuko wa fidia utalipia kila mafua, na hofu hiyo ina msingi: Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilipozuka Kagera Machi 2023 na kuua, miongoni mwa wengine, mhudumu wa afya, njia za maambukizi zilifuatiliwa mtu kwa mtu, jambo gumu sana kwa korona iliyotapakaa. Ningeweka mipaka miwili: mlipuko uwe umetangazwa, na kazi ya mtu iwe inamkutanisha na wagonjwa, mfanya usafi akiwemo. Ndani ya mipaka hiyo ichukuliwe kwamba aliupata kazini, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Kila wodi tayari ina kitabu cha ripoti ya zamu. Zikiongezwa safu mbili, ya nani alimhudumia mgonjwa mwenye kikohozi na alikuwa amevaa nini, ushahidi huo utakuwepo kwa pande zote.