Kioo cha Game Boy hakijafa, usikitoe

Game Boy ya kwanza, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ya kijivu, iliyotoka Japani mwaka 1989, imekuwa na bahati mbaya moja: kila anayeipata leo anataka kuing'oa kioo. Nyingi zinazouzwa sasa zina mistari ya wima iliyokatiza picha, na mwenye nayo huambiwa papo hapo anunue kioo kipya cha IPS (aina ya kioo cha kisasa) chenye taa. Mimi napinga ushauri huo kwa nguvu zote, kwa sababu mistari ile kwa kawaida si ugonjwa wa kioo.

Kila safu ya pikseli hupata umeme kupitia njia yake nyembamba kwenye utepe uliogandishwa kwa gundi ya joto ukingoni mwa kioo. Miaka ikipita gundi huachia, baadhi ya njia hupoteza mguso, na safu zake hubaki tupu. Kioo chenyewe kizima kabisa. Tafuta bisibisi ya ncha ya mbawa tatu ufungue kasha, ufikie utepe ule chini ya kioo, kisha pitisha juu yake pasi ya kulehemu yenye moto mdogo, taratibu, huku mashine imewashwa. Utaona mistari ikijaa mmoja baada ya mwingine. Moto ukizidi utepe unaungua na hapo hakuna dawa, kwa hiyo asiye na mkono mtulivu ampe fundi wa simu anayeaminika, lakini amweleze wazi kwamba hataki kubadilishiwa kioo! Mistari ya mlalo ni kazi ngumu zaidi.

Madoa meusi yanayoletwa na jua nayo mara nyingi yako kwenye polaraiza, yaani karatasi ya kuchuja mwanga iliyobandikwa juu ya kioo. Inabanduliwa, gundi inasafishwa kwa spiriti, inawekwa mpya. Ukiiweka kwa mwelekeo usio wake, palipo peusi panakuwa peupe, izungushe tu.

Kwa nini nakishikilia kioo hafifu, cha pikseli 160 kwa 144, rangi nne za ukijanikijani na bila taa? Kwa sababu mashine nzima ilijengwa kukizunguka. Gunpei Yokoi na wenzake wa Nintendo walikataa rangi na taa ili betri nne ndogo zidumu zaidi ya saa kumi. Game Gear ya Sega, iliyofuata mwaka 1990, ilikuwa na vyote viwili, na ilimaliza betri sita kwa saa chache. Hata watunzi wa gemu walitumia uzito wa kioo kile, yaani kuchelewa kwake kubadilisha picha: kitu kilichochorwa na kufutwa kwa zamu kilionekana kama kivuli chepesi, kwa kuwa pikseli hazikupata muda wa kuzimika kabisa. Kwenye IPS kitu hichohicho kinapepesa na kuumiza macho. Tena kioo kipya kinakula betri zaidi, na baadhi yake havikai mpaka ukate plastiki ya ndani ya kasha. Hilo la kukata siwezi kulikubali.

Game Boy Advance ya mwaka 2001 siitetei. Kioo chake kilikuwa cha giza tangu dukani, na Nintendo wenyewe walileta toleo lake la SP lenye taa mwaka 2003. Advance hiyo ya kwanza iwekee IPS bila wasiwasi. Na Game Gear yenye picha iliyofifia ikaguliwe kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi umeme) kwanza, maana zinavuja na lawama inaangukia kioo bure.

Kioo kikiwa kimepasuka hadi maji yake ya ndani yametapakaa, badilisha. Mwenye macho dhaifu naye abadilishe, ana haki yake. Ila achague kioo kinachoingia bila msumeno, na kile cha zamani, kama bado kinaonyesha chochote, akifunge vizuri akiweke au ampe mwenye mashine inayokihitaji.