Mwenye Usonji Afundwe, au Wenzake Wamzoee?

Karibu kila kinachosemwa hadharani kuhusu usonji (autism), hali inayomfanya mtu awasiliane na wenzake kwa namna tofauti, kinamhusu mtoto. Hata makongamano ya tarehe 2 Aprili, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya usonji, huzungumza na wazazi na walimu. Watoto hao hukua. Wengine ni wahasibu, mafundi simu, akina mama wenye watoto wao, wanaoimudu kazi lakini kikao cha harusi kinawatisha kuliko mtihani. Ushauri wanaopewa ni mmoja: jichanganye na watu, utazoea.

Anayetaka zaidi ya hapo atakuta kambi mbili zinazovutana. Ya kwanza inasema kukaa na watu ni stadi, na stadi hufundishika. Mfano unaotajwa sana ni programu ya PEERS ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, inayohusishwa na mwanasaikolojia Elizabeth Laugeson. Inalo toleo la vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Humo mtu haambiwi awe mchangamfu, anavunjiwa jambo vipande vipande. Unataka kuingia kwenye maongezi ya wengine? Sikiliza kwanza wanaongelea nini, subiri watue, ingia kwa neno linalohusu hilohilo, na wasipokupa nafasi, jiondoe bila kinyongo. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2012, la vijana 17, lilionyesha waliofundishwa wakijua zaidi namna ya kukaa na wenzao, na upweke wao ukipungua. Watu 17 ni wachache mno kujengea hoja nzito. Hata hivyo, aliyewahi kukaa mwaka mzima bila kutembelewa na mtu hatadharau upweke uliopungua.

Kambi ya pili inauliza kwa nini darasani aingie mmoja tu. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba mtu mwenye usonji na asiye nao wakishindwa kuelewana, kila mmoja ameshindwa kumsoma mwenzake. Ila anayepelekwa kliniki ni yule ambaye wenziwe ni wachache. Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake wakaongeza jambo linalouma. Watu walioonyeshwa vipande vifupi vya video waliwapa wenye usonji alama za chini ndani ya sekunde chache, na hawakuvutiwa kuketi wala kuzungumza nao. Wengine waliposomeshwa maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sura wala sauti, tofauti ikatoweka. Maana yake ni kwamba unaweza kufunzwa la kusema hadi ukaliweza, na bado ukahukumiwa kwa kiimbo cha sauti na mwendo wa mikono kabla hujamaliza salamu.

Kambi hii nayo hupenda kuvuka mpaka. Utafiti wa Catherine Crompton wa mwaka 2020, ambamo watu 72 walipokezana hadithi mmoja hadi mwingine, uliona hadithi ikifika salama kati ya wenye usonji wenyewe, na ikipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Ulishangiliwa sana. Ule mkubwa uliofuata mwaka 2025, wa watu 311, haukuiona tena tofauti hiyo katika kupokezana habari. Kilichobaki ni kwamba watu walijisikia vizuri zaidi wakiwa na wa aina yao. Kwa hiyo anayesema wenye usonji na wasio nao hawawezi kuelewana anasema zaidi ya ushahidi alionao mkononi.

Hoja yao yenye uzito kwangu ni ya gharama ya kuigiza. Laura Hull na wenzake walikusanya mwaka 2017 maelezo ya watu wazima wanaoficha usonji wao: kujilazimisha kuwatazama watu machoni, kukariri vichekesho, kuiga cheko la mwenzao, kisha kurudi nyumbani wamechoka hoi. Mwaka uliofuata, utafiti ulioongozwa na Sarah Cassidy uliona kuficha huko kukiambatana na mawazo ya kujiua. Kuambatana si kusababisha, lakini anayeuza mafunzo ya kujiamini anapaswa kulijua hilo.

Huku kwetu hesabu inabadilika tena. Kanuni ya kumtazama mtu machoni, inayosisitizwa sana katika mafunzo ya Magharibi, haiendi sawasawa mahali ambapo mdogo kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Kijana anayeinamisha macho akitoa shikamoo kwa mzee anasifiwa kwa kilekile ambacho kingemkosesha alama Los Angeles. Salamu zetu zenyewe zina njia iliyokwisha kuchongwa: za nyumbani, za watoto, za kazi, na jibu linajulikana kabla ya swali. Wengi hupumua hapo. Taabu huanza salamu zikiisha, utani ukiingia. Mtani anakutukana msibani na unatakiwa ucheke. Shangazi anasema kwa fumbo, na kanga aliyoivaa inamsemea mengine. Anayechukua neno kama lilivyotamkwa hana pa kushika, na sijaona mtaala wa kigeni unaofundisha hayo.

Nikilazimika kuchagua, naanza na kuzoewa. Kujiamini ninakokuona kwa watu wazima wenye usonji hukua pale wanapopata watu wawili watatu wasiohitaji kuigiziwa: mwenzao wa kazi anayetuma ajenda mapema, ndugu anayesema waziwazi "natania". Ila sitamwambia anayeingia kwenye usaili Jumatatu aisubiri jamii ibadilike. Jopo halitamzoea kwa nusu saa, na kujitangaza mbele yao kunaweza kumponza, maana bado wapo wanaouita usonji laana au malezi mabovu. Huyo afundwe namna ya kujibu maswali, akijua kwamba ni vazi la kazini la kuvuliwa jioni.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mafunzo yoyote ningemuuliza mkufunzi: mwanafunzi akisema kanuni fulani inamuumiza, anaruhusiwa kuiacha? Akijibu kwamba lazima zote zifuatwe, ningetafuta mwingine.